Siku Niliyomtafsiria Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mkoa pale Mbeya, nilifika na suti ya kuazima na Kiingereza nilichokiamini kuliko suti. Afisa Itifaki Mkuu, mzee mkavu asiyecheka kabla ya saa nne, aliniambia nimtafsirie mgeni aliyeketi mbele yake. Mgeni akasema jambo, nami nikaanza, "Anasema kwamba..." Mzee akagonga meza.

"Anasema nani? Mgeni akisema 'mimi nimekasirika', na wewe sema 'mimi nimekasirika'. Mkalimani hapa hayupo, kijana."

Nilitoka mle ndani nimelowa jasho, na baridi yote ile ya Mbeya.

Ninyi vijana mnadhani diplomasia ni zile picha za kupeana mikono mnazotumiana kwenye simu. Nyuma ya picha kuna itifaki: nani aingie kwanza, nani akae wapi, bendera ipi iwe kulia. Nilihamishiwa Iringa, ambako Katibu Tawala alikuwa akipima nafasi kati ya viti kwa rula, akikuta vimepishana tunaanza upya. Kutoka hapo nikapelekwa wizarani, na huko ndiko nilikouona ukubwa wa mataifa kwa macho yangu.

Asubuhi moja ililetwa noti. Hiyo ni barua ya serikali kwa serikali, yenye mhuri, na lugha yake ni ya adabu mno hata ukitukanwa unashukuru. Ilitoka kwa taifa kubwa la kusini mwetu, ambalo sitalitaja, maana mimi nimestaafu lakini kiapo changu hakijastaafu. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema mchele wetu umefika kwao ukiwa na ukungu, kwa hiyo hauingii tena mpaka waridhike. Kesho yake malori yalikuwa yamesimama mpakani Tunduma, na maghala ya Ubaruku, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, yamejaa hadi darini. Hakuna aliyepaza sauti wala kutisha mtu. Mistari sita tu! Nilistaajabu, na niliogopa.

Baadaye wakakubali kumtuma balozi wao aje kujionea. Kwa kuwa mimi ni mtu wa huku Nyanda za Juu, nilipewa itifaki na ukalimani pamoja. Mkurugenzi wangu aliniita pembeni. "Sanga, hili likienda vizuri, nafasi katika ubalozi wetu kule ni yako." Nikamwambia mke wangu aanze kufikiria masweta.

Sasa kosa langu ni hili. Ubaruku hakuna anayenunua mchele kwa macho. Mnunuzi anaingiza mkono guniani hadi kwenye kiwiko, anatoa punje za chini kabisa na kuzing'ata. Kavu inalia, mbichi inabonyea. Nililijua hilo vizuri, lakini niliona aibu balozi kuingiza mkono guniani mbele ya kamera. Nikaagiza mchele wa msimu uliopita kutoka mashineni Chimala, mweupe, uliochambuliwa, nikaupanga mezani chini ya hema, katika bakuli za kioo. Mwenyekiti wa wakulima, Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake akaishia kwenye mpunga, nilimweka safu ya tatu.

Balozi alikuwa mama mrefu, mpole wa sauti. Alizisifu zile bakuli. Mama Kulwa akasimama huko nyuma bila kupewa nafasi.

"Mheshimiwa, mimi siwezi kunyamaza. Huo mchele si wa mwaka huu. Wa mwaka huu mvua ilitukuta shambani, magunia mengine bado yana maji. Wewe baba, mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Mkurugenzi aliinamia sikio langu. "Lainisha. Sema anawakaribisha."

Ningeweza. Balozi hakujua neno la Kiswahili. Nikamtazama Mama Kulwa, alikuwa bado amesimama, ananisubiri. Nikasema kwa Kiingereza, sauti yangu mwenyewe ikisikika hema zima: Mimi siwezi kunyamaza. Na yaliyobaki yote nikayasema, mpaka maji ya kwenye magunia.

Balozi alivua bangili zake, akampa katibu wake, akauliza wa mwaka huu uko wapi.

Walikaa ghalani hadi alasiri, mama wawili, wakiingiza mikono na kung'ata, mimi katikati. Magunia mabichi yalivutwa pembeni, na mengi yalikuwa na alama nyekundu ya Mama Kulwa mwenyewe. Hakutetea hata moja. Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Nimeona marais wakipigiwa mizinga, sijaona ukubwa kama ule.

Noti nyingine ilikuja kabla ya mavuno yaliyofuata: mchele upite, ila ukaguliwe Ubaruku, na wakulima wenyewe wawepo. Malori yakatembea. Ubalozini akaenda mtu mwingine. Iliniuma sana, wala sijifanyi mtakatifu, na nilistaafu na cheo kile kile.

Kwenye hafla ya kuniaga, Iringa nilikorudishwa kumalizia utumishi, Mkurugenzi alikuja na mkongojo. Alisubiri watu wapungue.

"Sanga, ile nafasi nilikunyima mimi."

"Najua, Mheshimiwa."

"Hujui. Yule balozi aliniandikia, akaomba utumwe wewe. Kwa jina. Niliificha barua."

Alikuwa nayo mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. Haikusema lolote kuhusu Kiingereza changu. Balozi aliandika kwamba nchini kwake ana wakalimani wengi, na kila akiwasikiliza hujiuliza mtu wa safu ya tatu amesema nini hasa.

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti.