Mgeni Aliyetaka Kuona Wanunuzi

Mama alikuwa akioka mikate katika tanuri dogo la udongo nyuma ya nyumba yetu, Arua. Mfanyabiashara mmoja wa Koboko, mwenye lori, alisema angemjengea tanuri kubwa kwa fedha zake, kisha wagawane faida. Lakini kwanza alitaka kuona wanunuzi kwa macho yake.

Asubuhi aliyokuja, hakutokea mtu. Mikate ilipoa. Mama alimwongezea chai, naye akawa anatazama saa.

Mimi ni mwoga wa watu, hata darasani sijibu nikiulizwa. Siku hiyo nilitoka mbio hadi kwa jirani, nikawakuta wanawake wanaonunua mikate yetu kila siku wameketi na vikapu vitupu.

“Mama zangu, mbona hamukuji?”

“Kwenu iko mugeni,” mmoja akasema. “Tupiganie mukate mbele yake? Hatuna haya sisi?”

“Lakini yeye anataka kuona nyinyi!”

Walicheka, wakainuka wote. Punde, kwetu, wakigombea mikate, mgeni alisukumwa hadi kwenye kuni, na bibi mmoja akamkemea: “Wewe muzee, panga laini, kaa nyuma yetu!”

“Basi, nitajenga,” akamwambia Mama, akipangusa kanzu.

Sijawahi kufurahia watu wengi namna ile. Niliingia jikoni nikaketi chini, nikapumua.