Waliobaki Kati ya Kuta Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Shauri Moyo, mwalimu mkuu aliviangalia viatu vyangu vipya akasema, "Kijana, historia ya mdomo mtupu itawalaza hawa. Wachimbishe." Basi nikalipeleka darasa nyuma ya vyoo, tukamwaga mchanga, tukajenga mzingiro wa Warumi dhidi ya Wagauli, moja ya jamii za Wakelti.

Mzingiro ni kuufunga mji mpaka njaa iushinde. Warumi walikizunguka kilima cha Wagauli kwa mahandaki na kuta mbili za magogo: ule wa ndani uwazuie walio mjini wasitoke, ule wa nje uwazuie ndugu zao wasije kuwaokoa. Magogo yetu yalikuwa njiti za kiberiti. Chakula kilipopungua, wapiganaji wa mjini waliwatoa nje wazee, wanawake na watoto. Warumi wakakataa kuwapokea. Waliotolewa wakafia pale katikati, kati ya ukuta wa mji na ule wa Warumi. Nikifika hapo nilikuwa napangusa mikono na kuingia mada nyingine.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa Mathare, nikapanda cheo nikawa naibu, yaani mshika funguo. Huko ndiko Zainabu wa kidato cha pili, binti wa mama muuza mahamri, alikonyoosha mkono katika somo lile lile.

"Mwalimu, hao mamathe waliotolewa nje si walirudi kugonga geti ya mji?"

"Bila shaka."

"Na funguo alikuwa nazo nani?"

Darasa likacheka. Nami, kwa kiburi cha chaki, nikamjibu, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani."

Mwaka uliofuata fujo za uchaguzi zikatufikia. Familia zilikimbilia shuleni zikajaa hadi maabara. Mwalimu mkuu wa huko, mtu mpole siku zote, akaniambia, "Funga geti, naibu. Ukimfungulia mmoja, wenye mapanga wataingia naye. Tutaisha sote." Nikafunga.

Alasiri nikasikia sauti nje. "Mwalimu, ni mimi Zainabu. Niko na mathe. Tufungulie." Nikachungulia kwenye mwanya. Juu ya barabara vijana wa mapanga walikuwa wanakuja. Chini polisi wameziba njia, hawapitishi mtu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, unazigeuzageuza funguo. Sikufungua. Mwishowe Zainabu na mama yake waliteremkia mtoni kwa upenyo wa pembeni, na mama hakupanda tena.

Wenzangu husema niliwaokoa waliokuwa ndani. Huenda. Nimestaafu, nakaa Donholm, na kila nikikumbuka naona haya.

Mwezi uliopita nilimkuta Zainabu katika soko la Gikomba, mtu mzima sasa, anauza mapazia ya mitumba. Aliniona kabla sijageuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia kwa taabu. Kisha nikamwambia jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia: siku ile funguo nilikuwa nazo mimi.

Zainabu aliendelea kukunja pazia.

"Najua," akasema. "Nilizisikia zikilia mfukoni mwako."