Kola Iliyokataa Kufunga

Walisema sitamaliza nyumba. Ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya milango, wakasema sitapiga paa. Nikapiga paa, la mabati mazito ambayo hakuna mwingine kijijini alikuwa nayo. Hapo wakasema sawa, nyumba imesimama, lakini mwenyewe hatalala ndani, atalala chini yake. Hili la mwisho sikuletewa na mtu. Nililisikia nikiwa juu ya ngazi, mjomba wangu akiwaambia wenzake barabarani bila hata kupunguza sauti.

Nilikuwa nimerudi kutoka Botswana na diploma ya umeme. Karo nilijilipia kwa kubeba matofali, na hakuna harambee iliyofanywa kwa jina langu. Katika ujenzi nilikopa kwa watu wawili tu. Mjomba, ndugu ya mama, aliyekuwa akiuza mchanga wa mtoni, alinipa malori matatu. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos alinipa simiti na mabati, kwa neno langu tu. Wengine wote walinikopesha midomo.

Ugonjwa ulinikuta na paa jipya. Nilikula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani mbili, mke wangu akaongeza ya tatu, na bado nilitoboa mshipi matundu mapya kwa msumari. Mwezi wa saba, watu wamejifunika masweta kwa baridi ya milimani, mimi nilitokwa jasho nikiwa na fulana. Moyo ulidunda nimelala chali kama kinu cha kusaga unga. Mapaja yalichoka kwenye vipandio vya katikati vya ngazi. Kilichoniuma zaidi ni mkono. Bisibisi haikupata mfuo wa skrubu. Fundi wa umeme ambaye mkono wake unatetemeka hana kazi, na bila kazi nisingewalipa wale wawili. Walionicheka wangekuwa wamesema kweli, jambo ambalo sikuwa tayari kuwapa.

Miaka hiyo, mwanamume aliyetoka kusini akakonda alikuwa na ugonjwa mmoja tu katika vinywa vya watu. Kanisani wakanisalimu kwa ncha za vidole. Kikombe nilichonywea chai kikawekwa kando.

Jumamosi moja mjomba akaja na wazee wawili wa ukoo, mkononi ana kamba ya mkonge na vigingi.

"Habari ya mgonjwa?"

"Hapa hakuna mgonjwa."

"Mpwa, sisi si watoto. Kile uliokota huko tunakijua. Tunataka kupima mahali mapema, ndiyo tusisumbuane hiyo siku."

"Siku gani?"

"Si wewe ndiye umesoma?" Wenzake wakacheka. "Na mchanga yangu, lipa ukiwa na pumzi. Mimi sijawahi kuona maiti ikilipa mtu."

Wakapigilia vigingi pale pale nilipokusudia kujenga tangi la maji. Mtu yu hai, anawatazama, nao wanabishana kichwa kielekee wapi. Niliinua spana niwafukuze. Mkono ukatetemeka mbele yao.

"Ona," mjomba akawaambia.

Kesho yake nilivaa kwenda kanisani, makusudi, ili wanione. Mke wangu alijaribu kunifunga kifungo cha juu cha shati, kikakataa.

"Baba, suruali nimekupunguzia mara mbili," alisema. "Shati ni la mwaka jana. Mbona kola haifungi?"

Swali hilo lilikuwa na akili kuliko ukoo mzima. Mtu anayekwisha hukwisha na shingo pia. Na mimi najua saketi: taa za nyumba nzima zikiyumba, hubadilishi balbu moja moja, unakwenda kwenye swichi kuu.

Nilichukua kioo, nikasimama dirishani, nikarudisha kichwa nyuma, nikameza funda la maji. Chini ya kongomeo kulikuwa na uvimbe mpana. Ulipanda nilipomeza, ukashuka. Nikanyoosha mikono na kulaza karatasi juu ya vidole. Ikapepea, na hakukuwa na upepo. Asubuhi iliyofuata, kabla sijainuka kitandani, nilihesabu mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi. Yalipita mia moja kwa dakika.

Hospitalini daktari kijana alitazama suruali yangu iliyolegea na hakutazama juu zaidi. "Tupime ukimwi kwanza," akasema. Nikasema pima. Sikuwa nao.

"Basi, kula vizuri."

"Nakula kukushinda. Shika shingo."

Alikasirika, lakini alishika, kisha akaenda kumwita mkubwa wake. Huyo aliniambia ni tezi ya shingo, thairoidi, ndiyo inayopanga mwili uende kasi gani, lakini asingeapa kwa kioo changu. Shingo huweza kuvimba na tezi iko sawa, na tezi huweza kuharibika shingo ikiwa bapa. Damu ndiyo husema. Ikapelekwa Nairobi. Majibu yalirudi na homoni ya tezi, T4, imepita kiasi, na TSH, ile ya ubongo inayoiamrisha tezi, karibu haipo, kwa kuwa ubongo, ukiona homoni imezidi, ulikuwa umeacha kuiambia ifanye kazi. Wengine, alisema, tezi huwalalia: wananenepa, wanasikia baridi, wanasinzia, na watu huwaita wavivu.

Nikampelekea mjomba karatasi. Hakuisoma.

"Karatasi hata mimi naweza kuchapiwa Nairobi," akasema.

Nikameza vidonge, nikarudi kupimwa damu kila nilipoitwa. Kabla ya mwaka kuisha mkono ulitulia. Niliweka nyaya za nyumba yangu mwenyewe, nikawasha taa zote, nje na ndani, nikaziacha ziwake ili kijiji kisilale vizuri. Kisha nikapata kazi ya kuweka umeme katika nyumba za kupanga kule Mlolongo.

Nilipolipwa nilianza mjini. Mzee wa duka alipokea pesa zake, akanitazama juu hadi chini. "Umenenepa, wallahi. Kesho njoo unipakulie simiti." Tukanywa chai, kikombe changu pamoja na vyao.

Mjomba sikumpelekea pesa. Nilikodi malori matatu ya mchanga, yote yakamwaga langoni kwake, moja juu ya jingine. Alitoka na fulana.

"Nini hii?"

"Mchanga yako."

"Mimi nilitaka pesa!"

"Ulinikopesha mchanga."

"Na mimi nitapitia wapi?"

Nilifungua gunia, nikatoa vile vigingi, kamba ya mkonge bado imevizunguka, nikaviweka juu ya rundo, kwa mkono ambao alikuwa na nafasi nzuri ya kuutazama.

"Hivi pia ni vyako," nikamwambia. "Sasa sina cha mtu."