Ukuta wa Mjerumani na Nyumba ya Mama Maina

Siku mume wangu alipolia mbele ya ukuta wa mavi ya ng'ombe, hapa hapa Stockholm, mimi nilikuwa pembeni nimeshika kahawa.

Sitanii. Ngoja niwape yote.

Ilikuwa 2008. Mume wangu, Maina, alikuwa mtunza jengo kule mji mkongwe, Gamla stan. Kubadilisha balbu, kuzoa theluji, kufungua milango. Kazi ya heshima, wala simcheki kwa hilo.

Namcheka kwa mdomo wake.

Jengo lenyewe lilikuwa la Mjerumani mmoja muuza chumvi, lina miaka zaidi ya mia tatu. Mbao nyeusi zimepishana nje, katikati ukuta mweupe. Sheria inalilinda: hata msumari hugongi bila kibali. Mjerumani akafa, likawa bekari, likawa danguro, likaishia kuwa ofisi ya mawakili. Maina alikuwa na historia yote kichwani. Kila Jumapili baada ya ibada aliwakokota wageni kutoka kwetu Hallonbergen mpaka pale. Pasta akiwepo, danguro linarukwa.

"Hii si nyumba," anasema, mikono nyuma. "Huu ni ustaarabu."

Ungedhani kaijenga yeye.

Sasa huyu mpenda nyumba za kale alikuwa na mama yake Nyeri, kwenye nyumba ya kukandika. Fito, udongo, mabati juu. Mama aliingia humo bibi harusi, akazaa humo watoto sita, na kila Desemba aliikandika upya kwa mikono yake.

Maina aliionea haya kupita kiasi. Kila picha aliyowaonyesha watu, mama amesimama kwa jirani, mbele ya ukuta wa mawe.

Akamjengea nyumba ya mawe pale pale uani. Mama akakataa kuhamia.

"Mama, watu watasema nini?" Maina alifoka kwenye simu.

"Watu gani? Hapa tuko mimi na kuku. Hii nyumba haijanikosea kitu, Maina. Niache nife ndani yake, kisha mfanye mtakavyo."

Nikamwambia, "Baba Kelly, mwache mama wa watu."

Nikaambiwa nina mawazo ya kijijini. Mimi, mzaliwa wa Nakuru mjini! Mdogo wake akapewa amri: Jumamosi, ibomolewe.

Jumamosi hiyo hiyo jengo la Mjerumani lilifunguliwa kwa umma. Ukuta mmoja ulikuwa unakarabatiwa, plasta imebanduliwa, na mtaalamu wa majengo ya kale, mama mmoja aitwaye Tereza, akawa anaeleza. Tulikwenda na Godelieve, Mrundi wa kanisani kwetu. Maina mbele, suti na tai.

Tukachungulia.

Fito zimefumwa. Udongo umeshindiliwa. Majani makavu yamechomoza.

"Na kinachoshikilia vyote," Tereza akasema kwa sauti ya ibada, "ni kinyesi cha ng'ombe."

Godelieve akaangua kicheko. "Yesu wangu! Si hii ni nyumba ya bibi yangu kule Gitega?"

Tereza macho yakamng'aa. "Bado wapo wanaojenga hivi? Hapa mafundi wamekwisha, tunajifunza vitabuni." Akamgeukia Maina. "Na kwenu je?"

"Hapana," Maina akasema. "Sisi tumekulia nyumba ya mawe."

Jogoo hakuwika, kwa sababu Gamla stan hakuna jogoo. Nikawika mimi.

"Mwongo huyu! Mama yake anaishi kwenye nyumba kama hii." Kisha nikakumbuka ni siku gani. "Yaani, kama bado ipo."

Maina aliutazama ukuta ule uliozungushiwa kamba watu wasiuguse, akatoa simu.

"Simamisha! Usiiguse hiyo nyumba!"

"Nisimamishe nini?" mdogo wake akauliza. "Tumemaliza saa nne. Si ulitaka haraka?"

"Nipe mama."

Sauti ya mama ilikuja ndogo. "Nimekaa nje. Vumbi limetulia. Umefurahi sasa?"

Maina alilia mbele ya watalii. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Tereza, maskini, hakujua kwamba imeshabomolewa. Aliomba japo picha moja ya nyumba hiyo aiweke kwenye maonyesho, kando ya ukuta wa Mjerumani, pamoja na jina la mama. Maina akapekua simu, akapekua albamu, akaulizia ndugu wote. Hakuna. Alikuwa ameificha vizuri mno. Muuza chumvi ana historia mpaka ya danguro, na mama wa watu amebaki na rundo la udongo.

Kiangazi kilichofuata jamaa akalipia mafunzo ya kukandika ukuta. Alifundishwa na Mswidi mwenye buti za mpira, akarudi na cheti. Akampigia mama mbio mbio.

"Mama, nakuja kukujengea upya. Nimesomea!"

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Umesomea kukanyaga udongo? Nilipokuita tukanyage wote ukasema utachafuka." Kisha akaongeza: "Njoo ujenge. Lakini mimi nimeshazoea upweke wa haya mawe yako, sihami tena. Hiyo utalala wewe."

Na alilala humo, mwezi mzima.

Ndugu msomaji, usingoje mgeni akupe ruhusa ya kupenda kwenu. Na usije hapa kuniandikia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Maina hakuacha mila. Aliibomoa, kisha akalipa ada ili afundishwe.