Mende kwenye Kompyuta ya Baba

Baba yangu, mwalimu mstaafu wa Magomeni, ana kompyuta ya zamani, ile ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi. Televisheni yake ya chogo, aliyoitumia kama skrini ya kompyuta hiyo, ilipokufa nilimnunulia monita bapa, kisha nikaenda Kariakoo kutafuta adapta ya kuiunganisha na kompyuta. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inakubali hata mashine za babu yako."

Kweli ilikubali. Skrini ikawa ya bluu, baba akapiga makofi. Lakini mashine ilipopata joto, harufu ya mkojo wa panya ilijaa sebuleni, na mende wakaanza kuchomoza katikati ya vitufe, wadogo weupe na wakubwa wenye mabawa.

"Baba, zima! Wamejaa humo!"

"Waache, watatoka wenyewe," akanijibu, akiwapangusa kwa kiganja huku anaandika. Mmoja alimponda kwa kidole, ute wake ukabaki kwenye kitufe, naye akaendelea tu. Programu yake fupi ikaanza kukimbia, neno "karibu" likajaa skrini nzima, juu mpaka chini. Alicheka kama mtoto.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeziba pua kwa kiganja. Kwa vidole vilevile akachukua kitumbua sahanini, akanipa.

"Kula, mwanangu. Umehangaika sana leo."

Nilikipokea, nikasema nitakula njiani. Nilikitupa mtaroni kabla sijafika kituoni, na nyumbani nikanawa mikono mara tatu. Kesho yake alinipigia kuuliza kama kilikuwa kitamu. Nikamwambia ndiyo.