Kilima Kilichotufuata Njia ya Ariwara

Nilitoka Bunia kwenda Ariwara kumrudisha nyumbani mke wangu, Furaha, na binti yetu Neema. Walikimbilia kule kwa dada yake vita ilipoingia mtaani kwetu Nyakasanza. Mimi nilibaki kulinda nyumba, ndivyo nilivyosema. Kwa kweli nililinda kisanduku changu cha vipuri vya redio, nilichokiunda kwa kuiga jicho la nzi: ukipitisha mkono mbele yake kutoka kushoto, taa inawaka, kutoka kulia, haiwaki. Wezi walipokuja walibeba hadi sufuria, lakini kisanduku walikiacha.

Asubuhi tuliondoka, mimi na abiria wengine, juu ya lori la magunia. Nilichelewa kupanda, nikapewa mahali pa kutazama nyuma, na muda wote niliangalia barabara ikitukimbia.

Kabla ya Mahagi, lori lilisimama ili dereva atie maji. Nikainua macho. Kilima tulichokiacha nyuma kilikuwa kinatujia, na vichaka vyake vyote.

"Banakuya!" nikapiga kelele, yaani wanakuja.

Watu waliruka wakidhani ni wapiganaji. Mama mmoja aliniangukia pamoja na kuku wake. Tulilala majanini mpaka dereva aliponiuliza kwa upole, "Prof, nani iko nakuya?"

Hakukuwa na mtu. Ubaya ni kwamba jambo hilo nilikuwa nalifundisha darasani. Kichwani mwetu kuna seli zinazoona vitu vikienda na nyingine zinazoona vikija, nazo hushindana. Ukitazama vitu vikienda kwa muda mrefu, zile za kwanza huchoka. Ukisimama, za pili zinashinda, na kilima kilichotulia unakiona kinakuja. Kisanduku changu hakichoki, kwa hiyo kisingeruka. Aliyeruka ni mwalimu.

Ariwara nilikuta habari imeshafika sokoni kabla yangu. Furaha alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Neema, weye unakimbia kilima?" Kisha akamvuta Neema karibu. "Kwetu iko salama kweli? Huyu mutoto hawezi kukimbia tena."

"Iko salama," nilimjibu. Nilitamani sana iwe hivyo.

Siku ya kurudi nilipanda mapema, nikakaa nikitazama mbele, Neema mapajani. Tulipokwisha kupita Mahagi, lori likasimama tena. Mbali barabarani niliona vitu vinatujia. Niliona haya kusema. Nikafikiri kwanza: leo nimetazama vitu vikija tangu asubuhi, basi macho yaliyochoka yangevionyesha vikirudi nyuma. Hivi vilikuja.

"Kuna watu," nikasema.

Lori zima likacheka. "Kilima ya Prof!"

Furaha hakucheka. Alikuwa ameshaona godoro.

Godoro lilikuwa kichwani kwa jirani yetu, muzee wa nyumba ya pili. Nyuma yake barabara ilijaa watu.

"Murudi," alituambia. "Nyakasanza yote inawaka moto. Nyumba yenu pia."

Tulimpandisha, dereva akageuza. Nimejifunza kwamba macho hudanganya, na kwamba uongo wao unaweza kukamatwa ukitulia. Siku ile niliutafuta uongo huo nikaukosa, na moyo uliniuma vibaya.

Nilikaa tena nikitazama nyuma. Liliposimama lori, kilima cha upande wa Bunia kilianza kutujia polepole. Nilijua kabisa ni uchovu wa macho.

"Neema, angalia," nikamwambia. "Kwetu iko nakuya."