Kobe Mchanga na Maranda ya Mpingo

Bado naiona ile asubuhi, mwanangu, ambayo kobe mchanga wa Bi Salma alikataa kufumbua macho. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya sanduku lake, jani la kunde mkononi, namsogezea puani. Siku nyingine angenyoosha shingo na kulivuta kwa nguvu mpaka linitoke. Asubuhi ile alibaki kimya, kichwa kimelala juu ya maranda, kope zimevimba kama za mtu aliyelia sana. Nikamgusa mguu. Aliurudisha ndani polepole mno, nami nikaogopa kumgusa tena.

Nakuita mwanangu ingawa mimi ni mdogo wa mama yako na umri wangu si mkubwa. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Nimesikia kwamba na wewe utaletewa kobe mchanga, na kwamba mnataka kumtengenezea mahali pa kukaa humo ndani. Nimeona nikuandikie kabla hamjagonga msumari wa kwanza.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naishi na Babu huko Mwananyamala. Mama yako alikuwa ameshaolewa, yuko Mbezi. Babu alikuja mjini kutoka kusini akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago vya mpingo. Jirani yetu alikuwa Bi Salma, mama wa Kiarabu mwenye duka la vyakula. Uani kwake palikuwa na kobe tangu enzi za baba yake. Kibali cha kuwafuga alikuwa nacho, na alikitunza pamoja na hati ya nyumba.

Mwaka huo mayai yaliyofukiwa uani kwake yakaanguliwa. Kobe anapotoka kwenye yai anatosha kwenye kiganja, na gamba lake ni laini, ukilibonyeza linabonyea kidogo. Kunguru wa hapa mjini unawajua. Waliwanyakua wale wachanga mmoja mmoja, mchana kweupe, mpaka akabaki huyo. Na Bi Salma alikuwa anasafiri kwenda Tanga, binti yake amekaribia kujifungua. Akaja kwetu na kikapu.

"Mzee, nitunzie huyu mpaka nirudi," akamwambia Babu. "Ndugu zake wote wamekwenda na kunguru. Angalau wewe unaye mtu anayeshinda nyumbani."

"Mlete," Babu akasema. "Nitamjengea nyumba mpaka nyie wenye maduka muone wivu."

"Jenga, lakini usije ukamchonga na yeye ukamuuza kwa Wazungu."

Walicheka wote wawili. Kikapu alinipa mimi, si Babu. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaitikia kwa kichwa.

Babu alifanya kazi nzuri, sitaki kumsingizia. Sanduku lilikuwa pana kama meza, la mbao za mninga, kuta zake zimepita urefu ambao kobe angeweza kuukwea. Juu aliweka waya wa kuku kwa sababu ya panya. Ubavuni alichonga majani, ingawa kobe hakuyahitaji. Tukaliweka chumbani karibu na dirisha, jua la asubuhi likawa linaingia upande mmoja. Halafu akaleta mfuko wa maranda kutoka kwenye kibanda chake cha kuchongea, akayamwaga ndani na kuyasawazisha kwa kiganja.

Hakuna aliyeona ajabu. Mtaa mzima watu wanaofuga vifaranga huenda kwa mafundi kuchukua maranda, na vifaranga vinalala humo na kukua. "Kifaranga haugui, sembuse huyu mwenye gamba," Babu alisema. Lakini maranda ya vifaranga hutoka kwa seremala, kwenye mbao nyepesi. Ya Babu yalitoka kwenye mpingo, na ndani yake mlikuwa na vumbi jeusi, laini kama masizi. Kila nilipofunua ule waya, vumbi liliinuka.

Siku za mwanzo kobe alitembea vizuri. Alisukuma kifuu cha nazi tulichomwekea ajifiche, akaingia, akatoka. Babu akawa anamwonyesha kila mgeni. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila jioni akirudi, aliongeza gao moja la maranda mapya, kiganja kilichojaa, kama mtu anayemtandikia mgeni wa heshima.

Kisha nikaona kobe anajifuta uso kwa mguu wa mbele. Nikadhani anacheza. Siku ya pili yake jicho moja likafumba. Halafu ndiyo ikaja ile asubuhi niliyokueleza.

Babu alipoondoka nilimtoa, nikamweka kwenye khanga, nikamfuta macho kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu. Kitambaa kikawa cheusi. Ilipofika mchana alifumbua jicho la kulia kidogo, uwazi mwembamba tu, na nikahisi kama ni mimi niliyefumbuliwa. Jioni nikamrudisha sandukuni kabla Babu hajafika. Kulipokucha macho yote yalikuwa yamefumba tena, na puani pana povu.

Nilikuwa nimejua tangu jana yake, kitambaa kilipotoka cheusi. Babu mwenyewe akikata mpingo hujifunga kitambaa puani, na akirudi nyumbani macho yake huwa mekundu, kitu cha kwanza anaomba maji ya kunawa. Nilimpelekea maji hayo miaka yote. Nilijua, na bado nilisimama pale mlangoni nikamwangalia anamwaga maranda mengine, nikamwambia, "Kazi njema, Babu."

Usidhani nilimwogopa kwa ukali. Hakuwahi kuninyooshea hata fimbo. Ila siku zile mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na vinyago vyake vilirudi nyumbani vilevile vilivyokwenda, bila mnunuzi. Lile sanduku ndilo kitu pekee alichokuwa anajivunia. Niliogopa kuona uso wake ukibadilika. Upande wa pili niliogopa kobe atakufa, na Bi Salma atakuta gamba tupu. Siku nzima kila kandambili iliyopita nje nilidhani ni yake. Nilikuwa naweka sikio karibu na kobe nisikie kama anapumua, na sikusikia kitu, kwa sababu kobe hasikiki akipumua hata akiwa mzima.

Jioni Babu akaingia na mfuko wake.

"Mke wangu," akaniita, maana ndivyo alivyonitania tangu nikiwa mdogo, "mpangaji wetu kaamka?"

"Bado."

"Huyu kazidi. Hata mie nilipooa sikulala hivi."

Akafunua waya, akachota gao la maranda. Mkono wangu ukanitangulia, ukajitandaza juu ya kobe, na maranda yakaangukia mgongoni mwa mkono wangu.

"Toa mkono nimtandikie."

"Usimwagie, Babu."

"Kwa nini?"

Nikaonyesha macho ya kobe kwa kidole. "Vumbi," nikasema mwishowe. "Vumbi la mpingo."

Babu alichuchumaa. Alimchukua kobe, akampitisha kidole gumba kwenye kope, akakiangalia kile kidole kwa muda mrefu. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Uso wake ulibadilika vilevile nilivyoogopa.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Na leo asubuhi namwaga, ulikuwa umesimama hapo mlangoni."

"Ndiyo."

"Uliniogopa?"

"Niliogopa utaumia."

Akasema taratibu, "Mie nimeumia mara nyingi duniani na sijafa. Huyu hana mdomo. Humu ndani mwenye kumsemea ni wewe tu, na wewe umekaa unanionea huruma mie, mtu mzima mwenye ulimi wake. Usinifanyie hivyo tena."

Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza.

Alilibeba sanduku nje, akamwaga kila kitu, akaliosha. Usiku huo kobe alilala kwenye beseni kavu lenye kitambaa. Kesho yake tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akatupa dawa ya matone na kusema hawezi kutuahidi kitu. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kobe hakula. Kila asubuhi tulimloweka kidogo kwenye maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni, Babu ameshika gamba, mimi natia matone. Nilikuwa nalala nikiogopa kuamka, kwa sababu kuamka ni kwenda kumtazama.

Jicho la kulia lilifumbuka. La kushoto halijafumbuka mpaka leo.

Bi Salma aliporudi, Babu alikwenda mwenyewe kumweleza, nami nyuma yake na kikapu. Alisema yote, na jina langu hakulitaja isipokuwa mahali pa kunisifu. Bi Salma alimgeuza kobe huku na huku, akamgusa kope ya kushoto kwa ncha ya kidole.

"Haya," akasema. "Nitamlisha kwa upande wenye jicho."

Basi, mwanangu, nyumba ya kobe iwe pana na kavu, yenye upande wa jua na upande wa kivuli, kwa sababu yeye hujipasha joto na kujipoza kwa kutembea. Chini weka udongo uliochanganywa na kichanga, unaolowa kidogo pale anapojificha. Usiweke maranda ya aina yoyote, hata watu wakikuambia vifaranga vinalala humo. Dawa ya mbu ya kuwasha na ubani usivifukize katika chumba hicho. Maji yawe kwenye kisosi, kwa sababu huyo si kasa, akizama hafiki juu. Mpe majani ambayo hayajapuliziwa dawa, wala usimpe ubwabwa kwa kumhurumia. Ukimshika, nawa mikono kabla ya kugusa chakula chako. Na mwulize anayekuletea kama kibali kipo. Kama hakipo, usimpokee.

Lakini ukisahau hayo yote, shika hili. Siku utakapoona huyo mdogo ana shida, na shida inatoka kwa mtu unayempenda, utatetemeka. Sema huku unatetemeka. Sema siku hiyohiyo, hata kwa neno moja, hata kwa kidole. Usingoje hofu iishe, maana yangu mimi haijaisha na nimeshajifunza kusema nikiwa nayo. Mkubwa anayekupenda atapona aibu yake. Asiyeweza kusema ndiye asiye na muda wa kukusubiri.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na sauti ya kutosha. Akulinde wewe na huyo utakayemlea, na akuandikie umri mrefu, umkaribie hata huyo kobe, anayeishi kutuzidi sisi.